Shahidi wa Nne

Koku mwanangu,

Bodaboda imekuchukua sasa hivi kwenda Hamugembe kumuaga Baba Anatory. Kwa jinsi ninavyomjua huyo baba yako wa ubatizo, hatakuachia kabla hujala, halafu atakuombea, halafu atakumbuka kisa kingine cha kukusimulia umesimama mlangoni. Kwa hiyo nina saa mbili, mbili na nusu nikibahatika. Nimefunga mlango wa mbele nikakaa jikoni na lile daftari lako uliloniachia niandikie matumizi ya nyumba. Mwandiko utauvumilia. Ukiona umepinda, usije ukasingizia uzee.

Habari za blanketi, za kufunga mlango na za vijana wa Dar sitaandika. Umelala mabwenini nusu ya maisha yako, na hivyo vitu unavijua kunishinda. Wakisikia unatoka Bukoba watakuita nshomile, Mhaya wa kujidai usomi, utacheka nao, yataisha.

Nina jambo moja tu. Wiki mbili hizi nimezunguka nalo humu ndani, nimepika nalo, nimefua nalo, nimepiga nalo magoti kanisani, na mdomoni halijatoka. Sasa nalitoa kwa kalamu. Yule shahidi wa nne ni mimi.

Unakumbuka jioni ile barazani. Ulikuwa unanisomea andiko lako la utafiti, unalitafsiri kwa Kiswahili ili nielewe, na mimi nachambua mchele najifanya nimetulia. Ukanieleza kwamba unataka kujua wahudumu wa hospitali za wilaya wanafundishwaje kutunza vielelezo: nani anapokea, nani anafunga, nani anakabidhi kwa nani, mpaka sampuli inafika maabara kubwa. Ukaniambia umechagua kesi tano za zamani za mkoa wetu. Nne zilikuwa za kuonyesha mambo yalivyoharibika. Ya tano, ya yule mvuvi wa kisiwani aliyedaiwa kumwekea mke wake sumu, ulisema ndiyo mfano wako mzuri, mnyororo uliokamilika. Ukanisomea maneno ya hukumu ya rufaa, ambayo haitaji mashahidi kwa majina, kwamba shahidi wa nne wa mashtaka, msaidizi wa maabara, alieleza kwa utulivu na bila kujikanganya jinsi chupa ilivyopokelewa ikiwa imefungwa. Ukaniuliza, "Mama, ni hospitali yako hii. Huyu ulimfahamu?"

Nikasema watu wengi walipita pale. Nikainuka kwenda kuangalia moto ambao haukuwa na shida yoyote.

Ulisema pia ungependa kuanza mahojiano yako na mimi, kwa kuwa nimekaa maabara miaka ishirini na tisa. Nikakwambia kichwa kinauma. Kesho yake mgongo, keshokutwa nikaenda shambani. Wewe ukacheka, ukasema mama anaogopa kurekodiwa. Niliogopa kweli, Koku.

Ili unielewe lazima nikwambie tulivyokuwa tunafanya kazi, maana wewe unaijua hospitali ile ya Muleba kwa sikukuu za Krismasi tu na pipi za manesi. Tulikuwa wachache. Wengi wetu tulitoka vijiji vya mbali na Muleba mjini, na mshahara ulikuwa wa kucheka nao. Kilichotuweka pale ni kupeana. Mwenzako akifiwa, hospitali nzima inatoa: mwenye fedha fedha, mwenye ndizi ndizi, mwenye ng'ombe maziwa ya chai ya matanga. Na kuzika ni lazima uende. Asiyefika kwenye mazishi ya mwenzake alikaa na jina baya miaka, hata awe daktari. Sasa wote wakienda, kazi inabaki na nani? Tukawa tunashikiana. Neno letu lilikuwa hilo, "nishikie." Unashika zamu ya mwenzako, unashika funguo zake, unamjazia daftari, na pale panapotakiwa sahihi yake unamsainia. Hakuna aliyeona ni kosa. Mtu asiyejua kuigiza sahihi ya mwenzake tulimwona mchoyo. Mimi nilijua sahihi za watu sita, na ya Anatory, mwenzangu wa maabara, niliiandika vizuri kuliko yeye mwenyewe.

Nakueleza haya bila kebehi. Sijawahi kupendwa kazini kama nilivyopendwa pale, na bado nawapenda wale watu.

Ulikuwa darasa la pili. Alhamisi moja waliletwa marehemu wawili. Mmoja ni mama kijana kutoka kisiwani, mke wa mvuvi aliyekuwa amehamia huko kutoka upande wa Mara, anaitwa Magesa. Majirani walisema walisikia ugomvi usiku ule, na asubuhi mama akakutwa amekufa na povu mdomoni. Mwingine ni mzee wa kijiji cha jirani aliyekunywa dawa ya kahawa, ile ya kuulia wadudu, familia yake walimkuta na chupa kando ya kitanda. Daktari akawapasua wote wawili Ijumaa asubuhi, akatoa sampuli, akamkabidhi Anatory chupa mbili. Chupa za aina moja, mfuniko wa bluu. Anatory akaandika karatasi mbili akazibandika kwa plasta, ile ya vidonda, ndiyo tuliyokuwa nayo. Kazi iliyobaki ilikuwa kuzifunga kwa lakiri, kujaza fomu na kusaini.

Kabla hajawasha mshumaa wa kuyeyushia lakiri, akaja mtu kutoka Kamachumu. Mama yake Anatory amefariki.

Nilimwona mtu mzima akikaa chini sakafuni. Nilimvua koti la kazi mimi mwenyewe. Aliniambia neno moja tu, "Mama Koku, nishikie," akatoka. Zile chupa zilikuwa ndani ya friji, na mimi nilidhani ameshazifunga. Mwanangu, nilidhani. Sikufungua kuangalia kwa sababu nilikuwa na haraka ya kukusanya vitu vya msiba.

Mchana ule ule watu wakaanza kuleta. Likaja dumu la maziwa, likaja la pili. Friji la jikoni la hospitali lilikuwa bovu. Najua unavyokunja uso sasa, lakini soma. Niliyaweka maziwa kwenye friji la maabara. Hayakutosha, nikazitoa zile chupa mbili nikaziweka mezani, nikapanga madumu, nikazirudisha chupa kwenye pembe iliyobaki. Nilifanya hivyo huku naongea na nesi mmoja habari za gari la kutupeleka. Ipi ilikuwa kushoto na ipi kulia kabla sijazigusa, sikuangalia. Nitakueleza mbele kwa nini hilo limekaa kichwani mwangu miaka yote hii.

Jumamosi tulizika. Umeme ulikatika siku hiyo, ukarudi Jumapili usiku. Jumatatu nikawahi kazini, nikafungua friji, maji yamejaa chini. Zile karatasi mbili zilikuwa ndani ya maji, zimebanduka zote, wino umechuruzika lakini unasomeka. Chupa zimesimama pembeni hazina jina. Wala hazikuwa na lakiri.

Nje alikuwa anasubiri askari aliyetakiwa kuzipeleka maabara kubwa ya Mwanza, na alikuwa na haraka, gari lake linaondoka. Daktari alikuwa amesafiri. Anatory yuko matangani kwao. Nikasimama na zile chupa. Nilikumbuka kwamba Anatory alikuwa na tabia ya kupanga vitu kwa jinsi vilivyoingia, cha kwanza kushoto, na yule mama alipasuliwa kwanza. Basi ya kushoto ni ya mama. Lakini Ijumaa nilikuwa nimezitoa na kuzirudisha kwa mkono wangu. Nilifungua mifuniko nikanusa, kama mjinga, eti nitasikia dawa ya kahawa. Zote zilinuka kuoza tu.

Ningeweza kutoka nje nikamwambia yule askari, "Afande, chupa hizi zimechanganyika, sijui ipi ni ya nani." Sentensi yenyewe ni fupi. Nimeirudia kichwani mara ngapi, Mungu ndiye anajua. Lakini siku ile niliona Anatory anafukuzwa kazi akiwa hajamaliza hata matanga ya mama yake, na mimi nafuata nyuma yake kwa sababu ya maziwa. Nikakausha zile karatasi kwa pasi ya kunyooshea makoti. Nikabandika ya mama kwenye chupa ya kushoto, ya mzee kwenye ya kulia. Nikayeyusha lakiri nikafunga. Nikaandika kwenye fomu kwamba zilifungwa Ijumaa mchana na Anatory, nikamsainia, nikajisainia kwamba nimepokea kutoka kwake zikiwa zimefungwa. Kazi yote haikufika robo saa.

Anatory aliporudi nikamwambia nimekushikia. Akanishukuru. Hatukuongea zaidi.

Majibu ya chupa ya yule mama yakarudi yakiwa na sumu. Dawa ya kahawa, Koku. Magesa hakuwa na mche hata mmoja wa kahawa, alikuwa mvuvi, lakini mwendesha mashtaka alisema dawa inanunuliwa dukani na yeyote, na ni kweli. Majibu ya chupa ya yule mzee hayakurudi kwetu. Hakuna aliyeyafuatilia, hapakuwa na kesi, familia ilishazika. Mimi sikuyauliza. Naomba uisome tena hiyo sentensi. Nilikuwa nakwenda Mwanza kila mwaka kwa shemeji zangu, na sikuwahi kuuliza.

Siku ya ushahidi walinileta mahakamani hapa Bukoba. Nilivaa gauni la Pasaka. Tukakalishwa kwenye benchi nje tusubiri kuitwa, na kando yangu akaja kukaa mama mmoja mtu mzima, mweusi kwa jua la ziwani, kanga imepauka. Hakuniuliza mimi ni nani. Ilipofika mchana alifungua kifurushi, ugali wa muhogo uliopoa na samaki mkavu, akakata katikati akanipa nusu. Nilikuwa na njaa, nikala. Akaniambia amelala njiani siku mbili, amekuja kwa mwanawe. Nilipoitwa ndani ndipo nikajua mwanawe ni nani, maana aliinuka akanifuata, akaenda kukaa nyuma ya kizimba.

Sikutetemeka hata kidogo. Jaji hakukosea kuandika nilikuwa na utulivu. Wakili wa utetezi aliniuliza kama nina uhakika chupa ilikuwa imefungwa siku ya Ijumaa. Nikasema, ndiyo mheshimiwa, ninao. Aliniuliza mara ya pili kwa njia nyingine, nikamjibu vile vile. Nilikuwa nimekula chakula cha mama yake yule kijana na bado mafuta ya samaki yalikuwa kwenye vidole vyangu.

Nilipotoka alinisubiri mlangoni. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema, "Umesema vizuri, mama. Mungu akupe maisha marefu."

Mpaka leo sijui alinibariki au alinilaani. Wewe ulikuwa ukiniuliza kwa nini sili samaki mkavu, nami nakwambia unanipa kiungulia, na ukikua ukawa unanitania mbele za watu kwamba mama yako ni Mhaya wa ajabu amelelewa ziwani hali samaki.

Magesa alihukumiwa kunyongwa, baadaye ikageuzwa kifungo cha maisha. Rufaa akashindwa, ndiyo hiyo hukumu uliyonayo. Yuko hai. Hilo nimelijua mwezi huu, na nitakwambia nimelijuaje.

Kabla ya hapo nikueleze kwa nini sikusema katikati. Usifikiri nilinyamaza kwa hofu tu, hofu inachoka. Baba yako alipofariki ulikuwa kidato cha pili, na mimi nilikuwa na mshahara mmoja na deni la jeneza. Nilikaa chini kukwambia utarudi nyumbani. Ndipo Anatory akazunguka na daftari hospitali nzima, wodi kwa wodi, hata jikoni, hata kwa mlinzi. Wakakulipia mpaka ukamaliza kidato cha sita. Kila mwanzo wa muhula ananiletea bahasha, hasubiri nimshukuru, anageuka anaondoka. Wale watu ndio walionishikia mimi na wewe. Sasa ningeanzaje kusimama nikasema mtu huyu aliacha kielelezo cha mauaji wazi, na sisi wote hapa tunasainiana kama wendawazimu? Kila bahasha iliyoingia humu ndani ilinifunga mdomo zaidi, na hakuna aliyeitoa kwa nia hiyo. Walitoa kwa mapenzi kabisa. Nimechukua muda mrefu kuelewa kwamba kitu kile kile kilichokusomesha ndicho kilichomfunga Magesa. Tulipendana sana, na mtu ambaye hakuwa mmoja wetu akalipa.

Halafu wewe unamaliza shahada ya kwanza unarudi unaniambia unataka kusomea sayansi ya uchunguzi wa jinai. Waitu! Ningekuzuia nikasema nini? Nilikwambia kasomee ualimu, kuna kazi. Ukasema huko huko utafundisha, utawafundisha wahudumu wa maabara kutunza vielelezo. Nikakukasirikia siku tatu nzima na wewe ukadhani ni ada inayonisumbua. Naomba msamaha hapo. Nilikuwa najua utatembea, utatembea, mwisho utafika mlangoni kwangu. Nilichokuwa sijui ni kwamba utakuja kunisifu.

Ulipolala jioni ile ya barazani nilichukua andiko lako nikalitazama tena, ingawa Kiingereza changu cha kubabaisha. Niliona jinsi ulivyopiga mstari chini ya maneno yangu. Ningeweza kuvumilia kuishi na uongo wangu mpaka kaburini, nisikudanganye, nilishazoea. Lakini wewe utaufundisha. Utasimama mbele ya watu useme fanyeni kama huyu. Vijana wataandika.

Basi wiki ile uliyokwenda Kashozi kwa shangazi, mimi nilikwenda kwa wakili, wale wa msaada wa kisheria wasiotoza. Kijana mdogo, rika lako. Nilimwambia yote. Aliandika bila kuninyanyulia macho, nikashukuru. Yeye ndiye aliyeulizia akaniambia Magesa yuko hai, gerezani. Kuhusu mama yake, wakili hajui kama bado yupo. Amenieleza wazi kwamba kufungua upya kesi iliyopita rufaa ni mlima, hawezi kuahidi, na kwamba mimi naweza kushtakiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo. Nikamuuliza ni miaka mingapi, akanitajia, nikamwambia sawa, tuendelee.

Nilimwambia pia habari za chupa ya mzee. Hapo ndipo aliponyanyua macho. Ulishaliona, wewe msomi, labda tangu ukurasa uliopita. Kama chupa ya yule mzee, mtu aliyekutwa na chupa ya dawa kando ya kitanda, ilipimwa ikakutwa haina kitu, basi nilizibadilisha, na mke wa Magesa alikufa kwa ugonjwa au kwa jambo jingine. Kama ilikutwa na sumu, nilibandika sawasawa, na Magesa labda ni muuaji kweli. Jibu hilo liliandikwa mahali fulani. Lipo kwenye daftari au kwenye faili lenye vumbi, au limeliwa na mchwa. Miaka kumi na tisa mtu amekaa gerezani na mstari mmoja wa maandishi haujasomwa na yeyote kwa sababu mimi sikuuliza.

Sasa nisikilize vizuri, hapa siombi, nasema. Kibali chako cha utafiti kinakuruhusu kuingia kwenye kumbukumbu hizo. Usilitafute hilo jibu wewe. Hata ukipita karibu na rafu, pita. Ukilipata wewe, binti yangu, watasema limepikwa, na Magesa atakuwa amefungwa mara ya pili kwa mkono wa nyumba yetu. Mwachie wakili aliombe kwa njia yake. Mwambie msimamizi wako ukweli siku ya kwanza, kwamba mmoja wa mashahidi wa kesi zako ni mama yako mzazi, kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Huenda akakwambia ubadilishe mada. Huenda ukapoteza muhula. Najua ulivyoihangaikia hiyo nafasi. Nimekuharibia safari kabla hujapanda basi, na sina cha kukulipa.

Bado kuna Anatory.

Jumapili iliyopita baada ya misa nilikwenda kwake, nikamkuta anaanika kahawa mbele ya nyumba. Nikamwambia nimekwenda kwa wakili. Aliendelea kusambaza kahawa kwa mguu, polepole, mpaka nikafikiri hakusikia. Kisha akaniambia, "Ulinishikia nikiwa namzika mama. Usinivue nguo uzeeni, Mama Koku." Tukakaa. Mke wake akaleta chai, tukanywa, akanifungia ndizi za kupeleka nyumbani kama kawaida. Alinisindikiza mpaka barabarani, na pale pale akasema kitu ambacho sikukitarajia, tena akiangalia pembeni. Alisema, "Sikuzifunga. Nilijua sikuzifunga. Nilikaa matangani nikisubiri uniulize."

Miaka yote mimi nilidhani namlinda yeye na siri asiyoijua, na yeye alidhani ananilinda mimi. Nilirudi kwa miguu mpaka nyumbani Kahororo na zile ndizi kichwani, nalia barabarani kama mtoto aliyechapwa. Watu walinipa pole wakidhani nimefiwa.

Hajaniambia kama atakubali kuongea na wakili. Bila yeye, nina neno langu peke yake, neno la mwanamke aliyekwisha kudanganya mahakamani. Wakili ameniambia hivyo bila kuficha. Na leo umekwenda kwake. Sijui anakwambia nini sasa hivi ninapoandika. Labda anakupa baraka tu na senene wa kula njiani. Labda anakuomba unizuie, na atakuwa na haki ya kukukumbusha nani alikusomesha. Labda anakwambia yote, na wewe utashuka kwenye pikipiki ukiwa unajua tayari, na barua hii itakuwa imechelewa. Kila pikipiki inayopita kalamu inasimama.

Kama amekuomba unizuie, usimkasirikie. Mpende kama ulivyompenda asubuhi. Alichokupa alikupa kweli, na huhitaji kukirudisha. Mimi nilichelewa kujua kwamba mtu anaweza kumshukuru mwenzake mpaka kufa na bado akamwambia hapana. Ningekuwa nimelijua nikiwa na umri wako, ningemwambia Anatory Jumatatu ile, kaka, nitakusaidia kumlilia mama yako, nitakupikia, nitakubebea maji, lakini jina lako utaandika wewe. Angenichukia mwezi mmoja. Ubaya wenyewe ungekuwa huo tu.

Utafanya kazi na watu wazuri, Koku, hilo ndilo linalonitia hofu. Wabaya utawajua haraka, una macho. Lakini siku moja mtu mzuri, aliyekukopesha, aliyekuja hospitali ulipolazwa, atakuletea karatasi saa kumi jioni akiwa na msiba, aseme nishikie hapa tu. Sitakwambia ufanye nini. Nakwambia tu kwamba mimi sikuona shetani siku ile. Nilimwona Anatory, na nilimwonea huruma.

Mfano wako wa tano uutoe, au uuweke pamoja na ile minne. Usifiche jina langu kwa heshima. Na kama utataka kunikasirikia, fanya hivyo, usijibane eti kwa sababu ni siku ya kuagana. Nitapendelea ukasirike hapa nikuone kuliko ukasirike huko Dar unipigie simu za adabu.

Nilikuwa nimepanga nikuwekee barua hii chini ya nguo kwenye begi. Nilishahesabu: utaifungua Biharamulo wakati basi limesimama, au mbele zaidi, na mimi nitakuwa nimebaki huku, simu nimeizima mpaka jioni. Sasa hivi nikiandika sentensi hii ndiyo naona nilivyotaka kufanya. Ni yule yule mwanamke wa Jumatatu ile ya chupa.

Pikipiki imesimama nje. Nasikia unamlipa kijana, unacheka naye, sijui ni kicheko cha kweli au cha kujikaza. Nafungua mlango. Nitakupa hizi karatasi mkononi ukiwa bado umesimama, na sitakwenda jikoni, sitakwenda kuangalia kuku. Nitakaa kwenye kiti mbele yako mpaka umalize ukurasa huu. Kisha uniulize, uanze popote unapotaka, na uniulize kama wakili yule wa utetezi alivyoniuliza, mara ya kwanza na ya pili.

Mama yako,
Adventina